Sabuni ndani ya kisanduku cha pembe

Leo sileti habari ya mbegu wala ya mbolea. Naleta historia ya sabuni, na ninaomba muisome mpaka mwisho, juu inatugusa sana sisi wenye tulisoma kilimo.

Mwaka 1912, kompani moja ya Waingereza ilimpa mfalme Albert wa Ubelgiji zawadi. Ilikuwa kipande cha sabuni, cha kwanza chenye kilitengenezwa na mafuta ya mawese ya Leverville, kule Kwilu. Sabuni ni kitu kidogo, mtu anafua nayo nguo inaisha. Lakini ile waliiweka ndani ya kisanduku cha pembe ya tembo. Kwa hiyo mfalme alishika kwa mara moja mnyama mwenye aliuawa na jasho la mtu mwenye alipanda mgazi. Vyote viwili vilikuwa safi, vinang'aa, havina harufu ya pori wala ya damu.

Kisanduku hicho kinanisaidia kuelewa swali lenye vijana wengi wanajiuliza leo: kitu chenye ninanunua, nani aliumia ili kifike kwangu? Ulaya na Marekani unakutaga sabuni yenye alama ya kisungura, maana yake haikujaribiwa kwa wanyama. Unakuta ingine yenye imeandikwa kwamba haina mafuta ya mnyama hata kidogo. Mimi sichekeshwe na alama hizo. Mnyama anasikia maumivu, na mwenye amechunga mbuzi anajua bila profesa kumwambia. Lakini historia yetu inaonyesha jambo moja gumu: alama inajibu swali moja, na kisha kujibu swali hilo, inaweza kulalisha yale mengine yote.

Tuanze na pembe. Kiswahili hiki chenye ninaandika hakikuanguka toka mbinguni. Kilifika Maniema na misafara ya pembe za tembo, wakati wa Hamed bin Muhammed, mwenye tunamuitaga Tippu Tip, na wenzake wenye walijenga Kasongo. Pembe zilitoka kule mpaka Ziwa Tanganyika, kisha mpaka Bagamoyo na Zanzibar, juu ya mabega ya watu. Wapagazi wengine walikuwa wa mshahara, wengine walikuwa watumwa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30, na safari ilikuwa ya miezi.

Pembe hizo zilienda kufanya nini? Vitana, mipini ya visu, mipira ya biliadi, na vidole vya piano. Kule Connecticut, Marekani, kuna kijiji chenye kinaitwa mpaka leo Ivoryton, jina lenye limetoka kwa pembe yenyewe. Karibu na pale kuna Deep River, na pale aliishi diakoni George Read. Mtu huyu alichukia utumwa. Alimpokea na kumsaidia mtoro mmoja mwenye alikimbia utumwa wa kusini mwa Marekani. Ilikuwa hatari, na alifanya vizuri. Lakini biashara yake ilikuwa ni pembe. Na katika karne ile pembe za Afrika ya Mashariki zilipita mara nyingi juu ya mabega ya watu wasio huru. Diakoni hakuwa mnafiki wa kusudi. Dhamiri yake iliona mtumwa mwenye alifika kwenye mlango wake. Mwenye alikuwa njiani kwenda Bagamoyo hakumuona, na tembo hakumuona kabisa.

Sasa tupindue kitambaa. Mwaka 1900, mataifa ya Ulaya yalikutana London na kusaini mkataba wa kulinda wanyama wa pori wa Afrika. Walikataza, kati ya mambo mengine, kuua tembo wadogo. Kati ya wenye walisaini kulikuwa Leta ya Kongo ya Leopold wa Pili. Mkataba ule haukufika kutumika, lakini saini iko. Na miaka ile ile, katika misitu ya Leta ile ile, mpira wa porini ulikuwa unakatwa kwa nguvu: wanawake wanafungwa mpaka wanaume walete kilo zenye zinaombwa, vijiji vinachomwa, mikono inakatwa. John Boyd Dunlop alikuwa ameleta tairi la hewa mwaka 1888, na Ulaya nzima ilikuwa inataka kupanda kinga. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliandika yale yenye wakoko wetu waliona.

Munaona sasa: kule Deep River mtu anatetea mtumwa na hamuoni tembo. Kule London serikali inatetea mtoto wa tembo na haimuoni mtoto wa mtu. Hakuna ubaya katika kutetea mmoja. Ubaya ni pale utetezi wa mmoja unakuwa pazia.

Katika Kiswahili chetu kuna neno lenye linasema yote mawili kwa pumzi moja. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Kiboko ni fimbo pia, juu fimbo ile ilikatwa katika ngozi yake. Walimuua mnyama, wakakausha ngozi yake, kisha wakampigia mtu nayo. Sijui lugha ingine yenye imebeba historia hii namna hiyo.

Basi tuje kwa sabuni yenyewe. William Lever alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1851. Mwaka 1884 alianza kuuza sabuni yenye jina Sunlight. Zamani sabuni ya Uingereza ilitegemea sana mafuta ya ng'ombe na kondoo. Lever aliongeza sana mafuta ya mimea ndani yake, na ilitoa povu zuri. Mwaka 1888 alianza kujenga Port Sunlight, kijiji cha wafanyakazi wake karibu na Liverpool: nyumba nzuri, bustani, shule, na mwaka 1922 hata galeri ya sanaa kwa ukumbusho wa mke wake. Watu walikuja toka mbali kuangalia namna tajiri anaweza kutunza wafanyakazi.

Lakini kiwanda kikubwa kinakula mafuta mengi. Tarehe 14 aprili 1911, Lever alifanya mapatano na Ubelgiji, na hapo ikazaliwa kompani ya Huileries du Congo Belge. Alipewa miviringo mitano, kila mmoja wa kilometa 60 toka katikati mpaka pembeni: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Mimi nilipiga hesabu. Mviringo mmoja wa namna hiyo unafanya karibu kilometa za mraba 11,300. Mitano inafanya karibu 56,500, sawa Kivu ya Kaskazini karibu nzima, au Ubelgiji karibu mara mbili. Ndani ya miviringo hiyo kompani ingeweza kuchagua ardhi mpaka hekta 750,000. Majina pia yakabadilika: Lusanga ikawa Leverville, Barumbu ikawa Elisabetha, Basongo ikawa Brabanta, Ingende ikawa Flandria, na kule Bumba wakajenga Alberta.

Kwa karatasi, mapatano yale yalikuwa mazuri kwa wakati ule. Yaliweka mshahara wa chini, sentimu 25 kwa siku. Yaliomba hospitali na shule. Ubelgiji ilikuwa imechukua koloni mwaka 1908, na ilitaka kuonyesha dunia kwamba mambo ya mpira yamekwisha. Sabuni ilikuwa ushahidi wa usafi, kwa maana zote mbili.

Kumbe hapa sisi wa kilimo tunaweza kueleza kitu chenye wanahistoria wanapitaga haraka. Mgazi hauzai mara moja kwa mwaka kama mahindi. Unazaa mwaka mzima, kichala leo, kingine nyuma ya wiki kadhaa. Migazi ya Kwilu ilikuwa ya asili, haikupandwa kwa mstari. Ilikuwa mirefu na imetawanyika. Mtu alipaswa kutembea, kupanda na mkanda kiunoni, kukata, kushuka, kwenda kwa mwingine. Kisha tunda likishakatwa na kupondeka, asidi inapanda haraka ndani ya mafuta, na mafuta yanaharibika. Linapaswa kufika kwenye mashini upesi. Na mashini ya mvuke, ikishanunuliwa na kujengwa, haingoje. Inataka kulishwa kila siku.

Weka vitu hivyo pamoja. Mashini ilikuwako. Meli ilikuwako. Mtaji ulikuwako. Kitu kimoja tu hakikuweza kununuliwa Liverpool: mtu wa kupanda. Na watu wa Kwilu walikuwa na mashamba yao, samaki wao, ndoa zao na matanga yao. Kwa sentimu 25 hawakuona sababu ya kuacha maisha yao na kuhatarisha shingo juu ya mti kila siku.

Basi Leta iliingia kati. Toka mwaka 1910 kulikuwa kodi ya kichwa, ya kulipa kwa makuta. Mwenye hana makuta, jela. Mwenye anataka makuta, kompani iko pale, na katika mviringo wake hakukuwa mnunuzi mwingine wa nguvu. Mashefu walibanwa watoe vijana. Wanawake na watoto walibeba matunda mpaka kwenye vituo, na kazi yao mara nyingi haikuandikwa kwa jina lao. Madaktari wa Leta wenyewe waliandika ripoti katika miaka ya 1920 wakilalamika juu ya chakula na makao ya wafanyakazi wa Leverville. Jules Marchal, balozi wa Ubelgiji mwenye aligeuka mwanahistoria, alifungua makaratasi hayo na kuyatoa katika kitabu mwaka 2001. Yeye hakuogopa kutumia neno lenyewe: kazi ya nguvu.

Nyuma ya hapo ukaja mgogoro wa dunia wa mwaka 1929. Bei ya mafuta ikaanguka. Kompani zikashusha bei ya matunda kwa mkataji. Kodi yenyewe haikuanguka nayo. Mwaka 1931 Wapende wakasimama. Tarehe 8 juni wakamuua Maximilien Balot, mtumishi wa Leta, na jeshi likaingia. Wapende zaidi ya 500 waliuawa. Huko Ulaya, wakati huo, kompani ya Lever ilikuwa imeshaungana na wengine na kuzaa Unilever. Lever mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1925, akiwa bwana mwenye cheo kikubwa. Mwaka ule ule wa 1925 Ubelgiji ilianzisha Parki Albert, Virunga yetu ya leo, kwa kulinda sokwe wa milimani. Jina la parki ni la mfalme yule yule wa kisanduku.

Tafadhali, musinisikie vibaya. Sisemi sokwe hawakustahili parki. Nasema tu kwamba mwaka 1925 dunia ilijua kuhesabu sokwe wa Virunga, na haikuwa na haraka ya kuhesabu vifo vya wakataji wa Kwilu.

Nilipokuwa kwenye oditwari, tulisoma sana mgazi. Tulisoma dura, yenye ganda nene, na pisifera, yenye haina ganda. Tulisoma kwamba ukichanganya hizo mbili unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi, na kwamba Beirnaert na Vanderweyen walieleza urithi huo pale Yangambi mwaka 1941. Ni sayansi kubwa kweli, na mashamba ya Malaysia na Indonesia mpaka leo yamejengwa juu yake. Niliijibu kwenye ekzame na nilipata pointi. Lakini kwa miaka yote ya lisansi hakuna saa hata moja yenye tulitumia kuuliza: nani alikuwa anakata vichala vyenye utafiti ule ulikuwa unapima? Tulijua rendema kwa hekta. Hatukujua rendema kwa mgongo wa mtu.

Na hili si jambo la zamani tu. Toka mwaka 1917, Leta ilileta mazao ya lazima, pamba na mengine, na mwenye alipita shambani kuangalia kama watu wamepanda alikuwa mara nyingi monitè wa kilimo. Yaani mkubwa wetu wa kazi. Karatasi yake ilikuwa na sanduku za kujaza: hekta ngapi, kilo ngapi. Haikuwa na sanduku ya kuuliza kama mtu alikubali.

Kuna wazee wenye wanasemaga: wakati wa Lever kulikuwa kazi, kulikuwa hospitali, kulikuwa barabara, leo kuna nini? Neno lao si la kutupa. Hospitali zilijengwa kweli, na mwenye alizaliwa pale ana haki ya kushukuru. Unilever iliuza mashamba yale mwaka 2009, kompani zingine zikafuata, na watu wa Lokutu, yaani Elisabetha ya zamani, wameendelea kudai ardhi ya wakoko wao. Lakini hospitali haigeuze kazi ya nguvu kuwa kazi ya hiari. Ni vitu viwili, na kila kimoja kiandikwe kwenye mstari wake. Ng'ombe pia anapewa dawa na mwenye zizi.

Sasa tufanye nini? Wengine watasema: tuache kununua. Mimi kwa upande wa mawese nasema hapana. Kule Fizi na Uvira mawese yanakamuliwa na mama mwenye mashini ndogo ya mkono, na sehemu kubwa ya mafuta yetu ya Kongo inatoka kwa wakulima wadogo na inakuliwa hapa hapa. Ukisusa mawese yote, wa kwanza kuumia ni yeye, siyo mrithi wa Lever. Pembe ni jambo lingine: biashara yake ya kimataifa ilikatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989, na inapaswa kubaki imekatazwa, juu hakuna namna ya kuuza pembe na kumuacha tembo mzima. Kila bidhaa ina hesabu yake.

Chenye naomba ni kwamba sisi, wenye tutaajiriwa na kompani, na mashirika, na wale wenye wanatoa alama za bidhaa safi, tukatae fishi yenye swali moja. Wengi kati yetu njo watatumwa shambani na kalamu. Tutaulizwa: kuna msitu ulikatwa? kuna mnyama aliumia? Tujibu kwa ukweli. Lakini tuongeze kwa mkono wetu yale yenye hayakuulizwa. Mtu huyu aliweza kukataa kazi hii bila kuadhibiwa? Nani anaweka bei, na mwenye anakata anaijua kabla ya kupanda? Mwanamke mwenye anabeba, jina lake liko kwenye orodha ya kulipwa, au ni la bwana yake? Nani alikuwa na ardhi hii mbele ya ramani kuchorwa? Na vilevile kwa kompani yenye inajisifu juu ya mishahara: mto uko namna gani nyuma ya kiwanda, na wanyama wenye walikuwa wanakunywa pale wameenda wapi?

Mwisho, habari moja ya Lusanga. Baada ya mambo ya 1931, fundi mmoja wa Kipende alichonga sanamu ya Balot, kwa kufunga roho yake ya hasira isiendelee kuumiza watu. Sanamu hiyo leo ni mali ya makumbusho ya Virginia, Marekani. Mwaka 2024 ilirudi Lusanga kwa muda, kwa sababu wafanyakazi wa mashamba ya pale, wenye walijikusanya mwaka 2014 katika kundi la sanaa la CATPC, waliiomba kwa miaka. Wanachonga sanamu kwa udongo, zinatengenezwa tena kwa kakao na mafuta ya mawese na kuuzwa huko ng'ambo, na kwa makuta yake wananunua tena ardhi ya zamani ya shamba na kupanda chakula na miti. Kipande kwa kipande, hekta kwa hekta.

Mimi kama mtu wa kilimo, kitu kimoja kinanifurahisha hapo kuliko sanamu: kwamba hawakuchagua kati ya mtu na pori. Udongo wenye ulichoka na mgazi peke yake wanaupa miti mingi tena, na mwenye anaupanda ni mwenye shamba. Kama kuna mwenye anatafuta somo la memwari mwaka huu, kazi iko pale inangoja mtu wa kuipima.